Mafuta ya Beit Luzan Yamefika, Bi. Atupele Anakwenda Nyumbani

Na Truphosa Kavai, Idara ya Hesabu

Baada ya miaka ishirini na minne ya utumishi, Bi. Atupele Mwaisumo, mkuu wetu wa manunuzi, anastaafu rasmi Ijumaa tarehe 30 Mei 2025. Wasomaji wa jarida hili watakumbuka kwamba tulishamuaga mara moja, Desemba iliyopita. Keki ilikatwa, hotuba zikasomwa, Anatole wa ghalani akatokwa na machozi mbele za watu, na Jumatatu iliyofuata Bi. Atupele akaonekana mezani kwake kama kawaida, miwani puani, anapiga simu. Safari hii ni kweli. Nimeombwa niandike wasifu wake, na naandika kwa moyo mweupe, kwa sababu mambo yaliyomrudisha mezani Desemba yamekwisha vizuri.

Bi. Atupele ni mzaliwa wa Tukuyu, wilaya ya Rungwe, kwenye milima ya chai na migomba ambako, kwa maelezo yake, mvua hunyesha mpaka watu wanasahau rangi ya vumbi. Alisomea ushirika Moshi, kisha akaajiriwa na chama cha wakulima wa chai cha kwao. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha majani mabichi yanafika kiwandani kabla hayajaharibika, hata masika yanapogeuza barabara kuwa uji. Mumewe, Mzee Gilbert, ni fundi mitambo. Alipopata kazi ya kutengeneza meli hapa Durban, familia ikahamia Bluff, karibu na bandari, na baadaye Overport.

Mwaka 2001 alijiunga na Kilima Traders. Wakati huo tulikuwa duka moja tu Greyville, karibu na uwanja wa mbio za farasi, tukiuza tende, viungo na mafuta ya zeituni. Mafuta tuliyanunua kwa dalali wa Ulaya. Bi. Atupele hakuacha kumuuliza dalali huyo swali moja: haya mafuta yanalimwa na nani? Jibu lilikuwa kila mara jina la bahari. Yeye akasema bahari hailimi, na akaendelea kuuliza mpaka dalali akachoka na kumpa jina la mji. Mwaka 2007 kampuni ilimkatia tiketi aende akauone.

Beit Luzan ni mji mdogo wa mlimani, Ukingo wa Magharibi, Palestina. Nyumba zake ni za mawe meupe, zimepandana juu kwa juu hivi kwamba paa la mmoja ni ua wa mwingine. Barabara kubwa ni moja. Kando yake kuna duka la dawa, kinyozi, muuza kuku, mafundi wa magari na tanuri la mikate. Chini ya mji kuna machimbo ya mawe ya kujengea, na pande zote za kilima ni mizeituni, imepandwa kwenye ngazi za mawe ambazo mababu walizipanga kwa mikono ili udongo usiteremke na mvua.

Siku ya kwanza hakuwa na mkalimani. Mkalimani alizuiwa kwenye kituo cha ukaguzi, mgeni akabaki peke yake sokoni. Hakujua Kiarabu, ila alipofungua mdomo kwa Kiswahili aligundua nusu ya bidhaa zinamsikia. Alisema sukari, wakamletea sukari. Alisema sabuni, wakamletea sabuni. Aliponyoosha kidole kwenye lozi na kusema "ghali!", muuzaji akaapa kwa mikono miwili kwamba bei yake ni "rakhis, rakhis", na yeye akajibu "si rahisi hata kidogo!" Soko zima likacheka. Waliokuwepo ndio waliokwenda kumwita mama mmoja aliyekuwa akiongoza kikundi cha wanawake wakamua mafuta, wakamwambia njoo, kuna Mwafrika hapa anagombana kwa lugha yetu.

Mama huyo ni Umm Ghassan, yaani Mama Ghassan, maana kule nao mtu huitwa kwa mtoto wake wa kwanza kama tunavyoitana sisi. Alimchukua Bi. Atupele nyumbani kwake, akamlaza kwenye chumba cha wageni, na urafiki wao haujakatika tangu siku hiyo. Bi. Atupele alikuwa amebeba chai ya Rungwe kama zawadi. Umm Ghassan akaipika, kisha akatia ndani yake majani makavu ya mmea wa milimani wanaouita maramiya. Mgeni wetu alisema ilikuwa kama kuona mtu anamvalisha mtoto wako nguo za kuazima. Leo hii hanywi chai isiyo na maramiya, na kopo lake liko kwenye rafu ya jiko letu la kazini, ole wake atakayeligusa.

Kwa miaka mingi alitueleza maisha ya mji huo kiasi kwamba sisi tusiofika tunaufahamu kama mtaa wa jirani. Wanaume wengi waliamka kukiwa bado giza kwenda kusimama foleni na vibali vyao vya kazi, wakavuka kujenga nyumba za watu wengine upande wa pili wa mpaka. Mishahara hiyo ndiyo iliyolipa ada za chuo, harusi na vyumba vya kuongeza juu ya paa. Walimu na wauguzi walikuwa na mishahara yao, siku nyingine nusu, siku nyingine imechelewa. Machimbo yaliwaajiri wachache. Lakini Oktoba ikifika kila mtu alikuwa mkulima: shule hufungwa, mwalimu anapanda ngazi, kinyozi anatandika turubai chini ya mti, watoto wanaokota. Kinu cha kukamulia, mali ya mume wa Umm Ghassan, hunguruma mchana na usiku, na mkate wa kwanza uliochovywa kwenye mafuta mapya huliwa palepale mlangoni, watu wamesimama.

Mafuta hayo yakatujenga na sisi. Tuliacha dalali, tukanunua moja kwa moja, na Bi. Atupele akasisitiza tuandike jina la mji kwenye lebo. Wateja wa Overport walianza kuyaagiza kwa jina hilo. Duka la pili likafunguliwa hukohuko Overport, kisha ghala. Mimi niliajiriwa katika kipindi hicho, nikiwa mwanafunzi kutoka Vihiga niliyetafuta kazi ya jioni, na Anatole naye, aliyekimbia vita Bukavu na kufika Durban akiwa na mkoba mmoja. Bi. Atupele alitupokea sote kwa namna moja: kwanza alituuliza kama tumekula.

Mwishoni mwa 2023, vita vilipoanza, vibali vya kazi vilifutwa. Asubuhi moja wanaume wa Beit Luzan walibaki nyumbani, na wengi wako nyumbani mpaka leo. Mishahara ya walimu ilipungua tena. Kwenye barabara kubwa likawekwa lango la chuma, linafunguliwa na wanajeshi siku wanayotaka na kufungwa siku wanayotaka. Mizeituni ya mteremko wa mbali haikufikiwa kabisa, zeituni zikaanguka chini zenyewe. Msimu wa 2024 walivuna ile waliyoweza kuifikia, na kwa bahati miti ya karibu ilizaa sana. Umm Ghassan alituambia kwamba kwa nyumba nyingi za mji huo, mafuta ndiyo yaliyobaki ya kuuza, na mnunuzi mkubwa aliyebaki ni Durban.

Hapo ndipo tulipomfanyia sherehe ya kumuaga, Ijumaa. Mafuta yalikuwa yameshakamuliwa, yamo kwenye matangi makubwa ya plastiki, yanangoja lori. Jumapili Umm Ghassan alipiga simu. Lango limefungwa kwa malori yote, na hakuna anayejua mpaka lini. Jumatatu mnajua tuliyemwona mezani.

Januari meneja wetu, Nigel, aliitisha kikao. Nigel ni kijana wa Nakuru, mchapakazi, na siku hiyo hakuwa na raha.

"Mama Atu, Overport rafu ziko tupu," alisema. "Na nina watu wa kulipa mwisho wa mwezi, wewe mwenyewe unawajua. Customers hawangoji. Wakizoea kununua kwingine hawarudi. Mimi naona tutafute supplier mwingine, tuachane na hii stori."

"Nunua kwingine ya kujazia rafu, sikatai," Bi. Atupele akamjibu. "Ila Beit Luzan tusiwaambie basi. Mafuta yapo, ni mazuri, yamekaa ndani. Kilichokwama ni barabara. Na mimi, baba, barabara iliyokwama ndiyo kazi niliyoajiriwa nayo kwa mara ya kwanza."

"Lori halipiti, Mama. Utafanyaje?"

"Kwani kule kwetu lori lilipita? Masika tulibeba majani kidogo kidogo mpaka lilipokuwa lori. Nipe muda, nikishindwa nitakwambia nimeshindwa."

Nigel alimpa muda. Bi. Atupele akarudi mezani, akampigia Umm Ghassan, na binti wa Umm Ghassan, mwalimu Rula, akatafsiri kwa Kiingereza. Aliuliza: ukiacha barabara kubwa, watu wa zamani walishukaje mlimani? Umm Ghassan akajibu kwamba kulikuwa na njia ya kale inayozunguka chini ya kilima, katikati ya milozi, mpaka kijiji cha jirani ambako lori liliweza kusimama. Trekta ndogo hupita, punda hupita. Tangi halipiti. Bi. Atupele akauliza kama wanayo madebe. Umm Ghassan alicheka. Kila nyumba ya Beit Luzan ina madebe, ndiyo wanayowekea mafuta ya kula mwaka mzima. Kama ni madebe tu, alisema, tuanze kesho.

Wakaanza. Matangi yakafunguliwa, mafuta yakagawiwa kwenye madebe, na mji mzima ukatoka: mafundi ujenzi waliokosa vibali, walimu, kinyozi. Picha zilikuwa zinaingia kwenye simu ya Bi. Atupele, naye anapita nazo meza kwa meza kama mtu aliyepata mjukuu.

Kisha picha zikakoma. Habari zikaja mtandaoni kwamba kwenye njia moja ya mashambani katika milima ileile watu wameshambuliwa, trekta limepinduka, kuna waliojeruhiwa. Mji haukutajwa. Simu ya Umm Ghassan ikawa haipatikani. Ya Rula haipatikani. Ya kinu cha mafuta inaita bila kujibiwa, baadaye nayo ikanyamaza.

Sijawahi kumwona Bi. Atupele vile. Mtu ambaye hawezi kukaa bila kulisha wengine aliacha kula. Alijaribu kubandika lebo na Valérie, mwenzetu wa chumba cha chupa, akabandika katoni nzima kichwa chini miguu juu, na Valérie akazibandua kimyakimya bila kumwambia. Mchana nilimkuta uani nyuma ya ghala, ameketi juu ya kreti.

"Truphosa," aliniambia, "njia ile niliiulizia mimi. Walikuwa wamekaa nyumbani kwao salama, mimi nikiwa hapa Durban nikawaambia wapite kule."

Nilikaa naye. Ni Anatole aliyekuja, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, sikia," alisema. "Kule kwetu Bukavu, réseau ya simu ikikatika, watu wanasema: iko kwisha, wote wamekufa. Wanaanza kulia kabisa. Kesho unaona wale wafu wanakuja na mihogo kwa kichwa, wanauliza munalia nini. Ngoja kwanza, Mama. Kulia iko bure, tutalia baadaye kama iko lazima."

Bi. Atupele alitabasamu kidogo, lakini macho yake hayakutoka kwenye simu. Kwa siku kadhaa ofisi yote ilitembea kwa vidole. Nigel, ambaye hatukumjua kuwa mtu wa sala, aliniuliza kanisa letu linafunguliwa saa ngapi.

Simu ilikuja wakati wa chai, kwa namba tusiyoijua. Bi. Atupele aliipokea kwa mikono yote miwili. Kwenye kioo akatokea Umm Ghassan, kitambaa kichwani, sufuria nyuma yake zinafuka moshi. Bi. Atupele akakaa chini sakafuni, sisi tukamzunguka.

"Uko wapi? Umeumia? Niambie ukweli!"

Tuliisikia sauti ya Rula ikitafsiri huku anacheka na kulia. "Mama anasema yuko jikoni kwake, anapika. Mtandao ulikatika mji mzima. Na siku mtandao uliporudi, simu yake ikaanguka ndani ya debe la mafuta, ikazama mpaka chini. Anasema usiwe na wasiwasi, debe hilo halimo kwenye mzigo wako."

Nakumbuka kelele zilizofuata. Watu wa dukani walikuja mbio wakidhani kuna msiba.

Rula akatueleza yote. Ni kweli njia yao ndiyo iliyoshambuliwa. Vijana waliokuwa kwenye trekta walikimbia wakajificha kati ya milozi. Mzee aliyeliendesha alianguka, akavunjika mkono, yuko hospitali anawasumbua wauguzi kwa kuagiza kahawa. Madebe ya trekta lile yalimwagika. Watu walingoja kukatulia, wakaendelea na punda, na mzigo uliobaki wote ulikuwa umeshafika kijiji cha jirani na kupakiwa. Bi. Atupele akaomba samahani kwa ajili ya ile njia. Umm Ghassan alimkatiza kabla Rula hajamaliza kutafsiri.

"Mama anasema njia hiyo ilikuwa yetu kabla hujazaliwa. Ulichofanya ni kutukumbusha. Na anauliza mbona umekonda."

Siku hiyo Bi. Atupele alikula chakula chake, akala na cha Nigel.

Kontena lilipita ukaguzi, likapanda meli. Kwa kuwa meli nyingi bado zinaikwepa Bahari ya Shamu, lilizunguka Afrika yote kwa upande wa magharibi, likaja kwetu kupitia Cape. Mwishoni mwa Aprili liliingia Greyville kwa nyuma, dereva akigombana na magari yote yaliyosimama kwenye robot, yaani taa za barabarani. Anatole ndiye aliyekata lakiri. Alipanda ndani, akapotea gizani, tukasikia anagonga debe moja baada ya jingine kwa kiganja.

"Iko mzima, Mama!" alipiga kelele kutoka ndani. "Iko yote mzima!"

Valérie alileta sahani na mkate. Debe la kwanza lilifunguliwa palepale uani. Mafuta yalikuwa ya kijani, mazito, yenye ukali ule wa kooni wanaoupenda wateja wetu. Nigel alichovya, akatafuna, akafumba macho.

"Eish, Mama," alisema. Alipofumbua macho aliongeza kwamba oda ya msimu ujao itumwe siku hiyohiyo, kabla watu wengine hawajaionja.

Kuna manufaa ambayo hakuna aliyeyapanga. Zamani mafuta yalikuja yakiwa tayari kwenye chupa, au kwenye matangi tuliyowapa watu wengine watujazie kwenye chupa. Madebe yanaweza kufunguliwa na kujazwa na sisi wenyewe, hivyo chumba cha chupa kimepanuliwa na Valérie sasa ni msimamizi wake, akiwa na wafanyakazi wapya watatu. Beit Luzan nao wameamua kuendelea na madebe hata lango likifunguliwa, kwa sababu kazi ya kuyajaza imewapa mikono iliyokosa vibali jambo la kufanya. Mzee wa trekta amefunguliwa bandeji. Mabango ya dukani yanayotangaza mafuta ya Beit Luzan yamerudi. Sijui mwaka huu utawaletea nini, na Umm Ghassan mwenyewe anasema hajui. Lakini mafuta yao yameuzwa, na wiki iliyopita alituma picha ya Rula akiwa amevaa pete ya uchumba. Harusi ni baada ya mavuno.

Nafasi ya Bi. Atupele inachukuliwa na Bi. Fiona, ambaye amekaa naye tangu Februari na tayari anapigiwa simu na Umm Ghassan kuulizwa kama ameolewa.

Mzee Gilbert alitangulia kurudi Tukuyu mwaka juzi kusimamia nyumba, na amengoja kwa uvumilivu ambao nadhani nao unastahili cheti. Juzi alipiga simu ofisini, akaomba kuongea na mimi, sio na mkewe.

"Mwanangu Truphosa," alisema, "nakuomba jambo moja. Siku hiyo mpelekeni uwanja wa ndege nyie wenyewe. Mwoneni kwa macho anaingia ndani. Asije akapita bandarini."

Tumemuahidi. Anatole ataendesha gari, mimi nitakaa na begi, na Nigel amesema atasimama mlangoni mpaka ndege iruke.

Bi. Atupele, ahsante kwa kutulisha, kwa kutupigania, na kwa kutufanya tuwajali watu wa kilima ambacho wengi wetu hatutakiona. Nenda ukakae na mumeo. Afya iwe yako, mvua ya Rungwe ikunyeshee kwa kiasi, na kila siku yako ianze na chai uitakayo, ukiinywa taratibu, bila mtu yeyote wa kumngojea simu yake.